Chai Iliyokataliwa Jumanne Tatu

Nyinyi mnaovaa beji shingoni na kujaza fomu kwa simu, nawaona mkipita hapa Kawangware mkiuliza watu kama wanalala vizuri. Kazi nzuri hiyo, siidharau. Juzi mmoja wenu, msichana mpole tu, alinisimamisha kwa mlango akataka nimwonyeshe "kaunsela mzuri" wa kumsaidia jirani yangu. Nikamuuliza, "Mzuri kwa nani?" Akanitazama kama mtu aliyeulizwa hesabu ya kugawanya. Nikaingia ndani nikamwambia mjukuu wangu Faith alete daftari. Herufi amezinyoosha yeye, maana shule mimi niliiacha darasa la tatu, lakini maneno ni yangu.

Kazi niliyoandikwa ilikuwa kufagia na kupika chai, katika zahanati ndogo ya kanisa pale steji ya Kawangware 46. Nimefagia hapo miaka yote ya tisini na mingine juu yake. Kupeleka watu kwa kaunsela hakukuwa kwenye karatasi yangu ya kazi. Kulianza kwa sababu Sista Konsolata, aliyekuwa mkubwa wetu, alikuwa akimwambia mtu, "Nenda ukamwone fulani, uongee naye," mtu anaitika vizuri, anashukuru, anatoka, na hafiki. Siku moja Sista akachoka. Akasema, "Mama Salome, weka ufagio chini umpeleke huyu mwenyewe." Ufagio huo niliuweka chini mara nyingi sana, na zahanati ikawa na vumbi, lakini watu walifika.

Jambo moja kabla sijaendelea. Majina nayakumbuka yote. Kuandika ni shida kwangu, kwa hivyo Mungu alinipa kichwa cha majina. Nikikutana na mtu niliyempeleka miaka hiyo, namjua yeye, mama yake, na jina la mtoto aliyekuwa mgongoni siku hiyo. Hapa wafanyakazi wenzangu nitawataja. Wagonjwa nitawapa majina ya kuazima. Mtaona kwa nini.

Sasa kuna mama nitakayemwita Auma. Alikaa ploti moja nyuma ya zahanati, na alikuwa akiuza mitumba Soko la Toi, nguo za watoto peke yake. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na kitu, karibu arobaini, na binti yake wa kwanza alikuwa ameolewa tayari huko kwao upande wa ziwa. Mwaka huohuo binti alipoolewa, Auma naye akapata mtoto. Wengine wenu hamjui uzito wa jambo hilo. Kwao, hata kwetu Maragoli, mama akishaoza binti anatarajiwa kupumzisha tumbo. Kuzaa pamoja na mtoto wako ni aibu, watu wanacheka mkono ukiwa mdomoni.

Aliyemleta ni jirani yake Beatrice, muuza githeri, mama wa Nyeri asiyejua kunong'ona. Aliingia amembeba mtoto, Auma yuko nyuma yake kama mtu aliyekuja kwa bahati mbaya.

"Mama Salome, huyu mtu aonwe leo," Beatrice alisema. "Mtoto analia mpaka anakauka, na yeye ako hapo tu anapiga nguo za biashara pasi. Nguo za watoto wa wenyewe! Jana ameniambia, 'Huyu si wangu, niondolee.' Mimi niko na sufuria mbili kwa jiko, nitamwondolea nimpeleke wapi?"

Kwenye dirisha la kadi, nilikokaa karani asipokuwepo, nilimuuliza Auma jina la mtoto, akasema, "Andika tu mtoto." Miezi mitatu mtoto amezaliwa na hana jina. Nikaacha hapo pa jina peupe.

Sista alimpima, akaona mwili hauna ugonjwa mkubwa, akaniambia faraghani kwamba shida ni ya moyo na akili na inawapata akina mama wengine wakishazaa, na inatibika. Lakini alikuwa na wasiwasi na mtoto. Akasema tutajaribu kaunsela kwanza. Kama haitasaidia, Auma ataenda ile hospitali kubwa ya akili upande wa pili wa mji, na mtoto atapelekwa nyumba ya kulea watoto. Auma alisikia. Ndiyo mara ya kwanza nilimwona akimtazama mtoto, kisha akatazama ukuta.

Sasa ni kaunsela gani? Hapo ndipo mimi, mfagizi, nilipojitia ujuzi.

Lazima mjue kaunsela wa siku hizo walikuwa namna gani. Wengi walisomea ushauri kwa ajili ya ule ugonjwa, ukimwi, na mtu akionekana anaingia kwa mlango wao, kufika saa kumi mtaa mzima umemzika. Kwa hivyo nilikuwa nambebesha mtu mtungi mtupu wa maji. Tunapita Riruta na mitungi yetu kama watu wanaotafuta bomba lenye maji. Nani atakuuliza? Kuna mzee mmoja alizoea hata akapona bado anabeba mtungi.

Tena watu walidhani kaunsela ni daktari. Nilimpeleka fundi wa viatu mmoja, tumwite Mutiso, akakaa ndani saa nzima, akatoka amekasirika. "Mama, huyo mtu ni mwizi wa maneno! Nimemwambia yangu yote, mpaka ya ndoa, na hajanipa hata tembe moja!" Nikamwambia arudi wiki ijayo achukue tembe yake. Akarudi, akarudi tena, na tembe akasahau kuidai. Hapo kichwa chake kilikuwa kimeanza kutulia.

Na wapo kaunsela waliopenda sauti yao wenyewe. Mzee Enoki alikuwa mtu wa kanisa, ana roho safi, lakini mgonjwa akisema neno moja yeye anajibu kwa hotuba. Mimi nilikuwa nafagia veranda. Maneno hayasikiki kupitia mlango, na yakisikika unaondoka, hiyo ni sheria. Lakini mvumo wa sauti unasikika. Ukisikia mvumo mmoja tu kwa muda mrefu, na ni wa kaunsela, mpeleke mtu wako kwingine. Hilo nililijua bila cheti.

Kwa Auma nikafikiria: huyu mama Kiswahili chake ni cha soko, cha bei na cha kurushiana maneno. Uchungu hauongewi kwa lugha ya bei. Anahitaji mtu wa lugha yake ya nyumbani. Na tulikuwa naye! Bwana Okoth, aliyekuwa akija kwetu kila Jumanne. Mtu mtulivu, anasikiliza mpaka hapepesi kope. Nikamwambia Sista, "Mpe Bwana Okoth, wataelewana." Sista akakubali, na mimi nikajisikia nimekuwa daktari.

Jumanne ya kwanza niliwapelekea chai. Ilikuwa desturi yetu: vikombe viwili na kipande cha mkate. Nikamkuta Bwana Okoth ana furaha, amesimama, anamsalimia Auma upya kwa mikono miwili na kwa lugha yao. Neno nililolishika ni "maro", na sikulitilia maanani. Auma alikuwa amekaa upande, uso ameugeuzia dirisha, leso ameivuta kutoka mabegani mpaka kichwani. Nikaweka chai. Niliporudi kuchukua vikombe, cha Bwana Okoth ni kitupu, cha Auma kimejaa, kimefanya utando juu. Mkate haujaguswa.

Jumanne ya pili, vilevile. Nikatia sukari zaidi. Haikuguswa.

Jumanne ya tatu nikamkaangia yai kwa pesa yangu. Halikuguswa, na nje sikusikia mvumo wowote, wa mtu yeyote. Nikaenda kwa Sista na huruma yangu yote nikamwambia, "Sista, Auma amezidi. Hata chai haishuki." Na Sista, mtu wa maandishi, akaandika. Bwana Okoth naye aliulizwa, akasema kweli yake: mama haongei kabisa, hata salamu anajibu akitazama sakafu. Yale maneno mawili yakakaa pamoja kwenye karatasi, na barua ikaandikwa. Jumanne ijayo gari lingekuja, mama huku, mtoto kule. Yote kwa sababu mimi nilihesabu vikombe.

Jioni hiyo, kabla sijafunga jikoni, nilimkuta Auma kwenye bomba nyuma, ananawa uso. Birika lilikuwa na chai ya mwisho. Sikuwaza chochote, nilimimina kikombe tu nikampa kwa sababu nilikuwa nimesimama na birika mkononi. Akanywa chote. Akaomba kingine. Akachukua mkate na lile yai baridi akala amesimama, kama mtu aliyetoka shamba.

Nikamwambia, "Auma, wewe si ulikataa chai?"

Akafuta mdomo. "Chai gani?"

"Chai ya kule ndani! Jumanne tatu!"

Akanitazama kwa mara ya kwanza macho kwa macho. "Ninywe chai mbele ya mkwe wangu? Mama Salome, wewe ni mtu wa wapi? Kwenu hamna adabu?"

Birika karibu liniponyoke. Kumbe siku ya kwanza Bwana Okoth alimuuliza, kama tunavyoulizana sote, kwenu ni wapi, binti umeoza wapi. Auma akataja ukoo. Na ukoo huo ndio wa Bwana Okoth! Si ndugu wa kuzaliwa na yule kijana aliyemwoa binti, hata hawakujuana, lakini ukoo ni ukoo. Akafurahi, akasimama kumsalimia mama mkwe wao. Maro ndiyo hiyo: mama mkwe. Yeye alidhani amefungua mlango. Alikuwa ameupiga kufuli.

Na mimi! Mimi ni mama wa Kimaragoli, nimeoza mabinti watatu. Mkwe wangu wa kwanza akija kwangu mimi hupitia uwani. Nimeiona leso ikivutwa kichwani, nimeuona uso umegeuzwa, nimekiona kikombe, alama zote ninazozijua tangu utoto. Lakini kwa sababu niko zahanati, na nimesikia maneno ya Sista, nikaona ugonjwa. Nilikuwa nimesahau kwamba mgonjwa anakuja na adabu zake.

Nikamuuliza, "Na kwa nini hukusema?"

"Niseme nini? Niseme kwa mkwe habari za kuzaa? Habari za matiti? Afadhali hilo gari lenu."

Hakuwa anatania kuhusu gari. Alikuwa ameshakunja nguo za mtoto kwenye mfuko, zile ndogo, za kupeleka huko nyumba ya watoto. Alikuwa amezipiga pasi.

Nilienda kwa Sista kesho yake asubuhi kabla hajavua koti. Sista Konsolata alikuwa mtu wa Meru, na nilipomweleza alicheka kwanza. "Mama Salome, kwetu mkwe anakula mpaka anaomba ya kubeba!"

"Sista, kwenu ni kwenu. Huyu mama anakula. Nimemwona kwa macho. Ugonjwa anao, lakini ule wa chai si ugonjwa, ni heshima."

Sista akafungua droo, akaitoa barua, akaitazama, akairudisha. Hakuichana. Akasema, "Nakupa Jumanne mbili. Mtoto alale kwa Beatrice usiku wote, na wewe upite kuwaona kila siku. Ukiona hatari yoyote, siku hiyohiyo unaniambia, hata kama ni heshima."

Ndipo nilipomkumbuka Bi Zaituni, aliyekuwa kaunsela katika kliniki moja Kibera, upande wa Makina. Bi Zaituni alikuwa Mnubi, amezaliwa palepale Kibera, babu yake alikuja na jeshi la Mwingereza. Alizalisha akina mama miaka mingi kabla hajasomea kuongea nao. Lugha ya Auma hakujua hata neno moja. Na hilo ndilo nililolitaka sasa. Katika Wanubi wote wa Kibera, Auma hakuwa na mkwe hata mmoja.

Tulitembea na mitungi yetu, tukapita Toi, na Auma akakaza mwendo tulipokaribia kibanda chake ili wenzake wasimwite. Mmoja akamwona hata hivyo. "Auma, umeacha biashara umekuwa muuza maji?" Auma akamjibu, "Kwani wewe huogi?" Nilipomsikia akirusha maneno, nikajua Kiswahili chake cha soko kilikuwa na nguvu kuliko nilivyodhani.

Nilikuwa nimemnong'oneza Bi Zaituni habari za mkwe. Hakuuliza kwenu ni wapi. Hakuwa na meza. Aliweka viti viwili vya chini, vyote vinatazama mlango, upande kwa upande, akampa Auma uteo wa mchele na yeye akachukua wake. "Saidia mimi kutoa mawe, mama," alisema. "Kuongea si lazima. Chai ndiyo lazima." Mtu anayetoa mawe kwenye mchele hana haja ya kukutazama, na wewe huna haja ya kumtazama. Nimekaa na wasomi wengi tangu hapo, na sijaona chombo cha kazi hii kinachoshinda uteo.

Nikaenda kukaa mbali, chini ya ukuta. Sikusikia neno. Nilisikia mvumo. Kwanza wa Bi Zaituni, kidogo. Kisha kimya kirefu na mawe yakidondoka kwenye sahani. Kisha mvumo wa Auma, ukaenda, ukaenda, mpaka muuza mandazi akapita mara ya pili.

Alichosema aliniambia mwenyewe baadaye sana, akasema nikiona mtu wa kumfaa nimwambie, bila jina. Alisema, "Nilikuwa naogopa mikono yangu." Mtoto akilia alikuwa anaona mikono yake kama ya mtu mwingine, haiamini, ndiyo maana aliishikisha pasi. Kumpa Beatrice mtoto hakukuwa kumchukia. Alikuwa anamwepusha na ile mikono. Miezi mitatu alibeba neno hilo peke yake, na sisi tukampa mkwe wa kumwambia.

Msidhani alitoka hapo akiimba. Bi Zaituni alimpeleka palepale kwa daktari, na dawa alipewa. Wiki ya pili alirudi nyuma, hakwenda sokoni, nilimkuta amelala mchana na mlango wazi. Nilimwambia Sista siku hiyohiyo kama tulivyoagana. Sista akaja mwenyewe na viatu vyake vyeupe kwenye matope, akakaa kitandani na Auma, akarudi, na barua ikabaki kwa droo. Jumanne mbili zikawa nne, zikawa nyingi.

Bwana Okoth nilimweleza mimi. Niliogopa atakasirika. Alishika kichwa. "Mimi pia nimelelewa hivyo," alisema. "Mama ya mke wangu hajawahi kuniona nikitafuna. Lakini nikivaa hii tai nasahau." Toka siku hiyo aliacha kuanza na habari za ukoo. Alikuwa anauliza, "Kuna kitu kuhusu mimi kitakachokuzuia kuongea?" Na mtu akisema kipo, anampeleka kwa mwingine bila kinyongo. Hapo ndipo nilipomheshimu kabisa.

Nami nikapata swali langu, na ndilo ninalowaachia. Kabla sijampeleka mtu yeyote kwa kaunsela, tukiwa njiani na mitungi, nilikuwa nauliza, "Ni nani huwezi kunywa chai mbele yake?" Watu wanacheka, halafu wanajibu. Mmoja hawezi mbele ya mchungaji. Mwingine hawezi mbele ya kijana mwenye umri wa mwanawe. Binti mmoja aliniambia hawezi mbele ya mwanamke yeyote anayevaa marashi kama ya shangazi yake. Sikumuuliza zaidi, nilimtafutia mwanamume. Cheti kiangalieni, na mlango uwe unafungwa, lakini na hilo mliulize.

Ilikuwa karibu na Krismasi Auma alipokuja kwa dirisha la kadi, mtoto yuko mgongoni mwake mwenyewe. Akasema, "Toa ile kadi. Pale peupe, andika." Akataja jina. Nikamwambia arudie, maana kalamu yangu ni nzito. Akarudia. Nikakosea herufi, akalitaja mara ya tatu, polepole, akigeuza kichwa nyuma kana kwamba anamwambia mwenyewe. Mtoto akamvuta sikio.

Mwenye jina hilo ni mtu mzima sasa. Ana duka la kurekebisha simu si mbali na hapa, na ndiye aliyebadilisha kioo cha simu yangu. Hajui kwamba aliwahi kuandikiwa barua. Kila nikipita ananiita bibi yake: "Sasa, shosho!" Namjibu, "Poa, mwanangu." Jina lake sijawahi kulitaja mbele ya watu, hata yeye anadhani nimelisahau kwa sababu ya uzee. Ananivutia kiti, anatuma chai mbili kutoka kwa kibanda cha pili, na tunakunywa.